Mji Aliopewa Shemeji

Kuna maneno yakisemwa mbele yangu huinuka nikaenda jikoni, maana nikibaki nitamvunjia mtu heshima. Moja ni hili la kwamba jeshi la kigeni likikaa kwa watu kwa muda, likatuliza fujo, likachagua viongozi wanaofaa, basi serikali itaota yenyewe. Nimelisikia kwa wasomi, nimelisikia kwa wageni wa mashirika waliokuwa wakipita hapa na magari yao meupe, na kwa miaka kadhaa nililisikia kwa mpangaji wangu mwenyewe, mtu niliyempenda. Wote walikuwa na mifano ya mbali. Mfano wangu mimi ulikuwa unalala chumba cha uani, ukiniamkia kila asubuhi na kuniuliza kama kuna maji ya kuoga.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji. Nilifundisha somo la Siasa, ambalo baadaye likaja kuitwa Uraia, na niliandika ubaoni miaka nenda miaka rudi kwamba dola ni watu, eneo, serikali na mamlaka yake. Watoto walikariri vizuri. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza serikali yenyewe hutoka wapi.

Mdogo wangu wa kike aliolewa ng'ambo. Kwetu hilo si la kushangaza. Babu zetu walitoka Manyema, na nusu ya ukoo wetu bado iko upande ule wa ziwa. Mumewe alikuwa mwalimu mkuu wa shule katika mji mdogo wa ufukweni, Kongo, siku hizo ikiitwa Zaire. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo zito. Nilipokwenda kumtazama mdogo wangu baada ya uzazi wake wa kwanza, ndipo nilipoona kitu ambacho sijakiona kwetu.

Katikati ya nyumba za mji palikuwa na banda la nyasi lisilo na kuta, wenyewe wakiliita lubunga. Wanaume wote wa pale walikula humo. Kila mke alipika kwake, akabeba chakula mpaka bandani, akakiweka na kuondoka, na wanaume wakala sahani zote kwa pamoja, ya huyu na ya yule, aliyekuwa nacho na asiyekuwa nacho. Wakishakula ndipo mashauri yanaanza: ugomvi wa mashamba, mke aliyerudi kwao, mtumbwi ulioazimwa ukavunjwa. Masharti yalikuwa machache na kila mtu aliyajua. Uliyekula naye pale huwezi kumdhuru, na asiyekula pale hana neno pale. Nilimtania shemeji kwamba kumbe wamewageuza wake zao wapishi wa bunge. Akakohoa, akasema ndiyo, lakini hilo ni bunge ambalo wake wakinuna halikai.

Serikali ya nchi yao wakati huo ilikuwa jina tu. Barabara zilikwisha kumezwa na majani, walimu walilishwa na wazazi wa wanafunzi, na mtu wa serikali alionekana anapotamani kuku. Lakini mji ule haukuwa na watu wanaokulana. Kijana aliyevunja mtumbwi wa jirani aliamuliwa kufanya kazi na mwenye mtumbwi mpaka mwingine uelee, na akafanya, na mtumbwi ukaelea. Hakuna askari aliyemsimamia. Nilirudi Ujiji nikiwa na hadithi hiyo, nikaisahau, kwa kuwa mtu hujali vipi kitu kinachokwenda vizuri?

Vita vya kwanza vilipowafika, walivuka. Walitua Kibirizi, upande wetu wa ziwa, katika boti la dagaa, wameloa, watoto wamenyamaza kimya kile ambacho watoto hawapaswi kunyamaza. Pamoja nao alikuwa mama mdogo wa shemeji, dada wa mama yake mzazi, bibi mmoja mkavu mwenye maneno ya kuchekesha. Yeye alipandishwa lori na wenziwe akapelekwa kambini, kwa maana ndiyo ilikuwa amri: mgeni wa ng'ambo, kambini. Mdogo wangu ni Mtanzania na watoto ni wake, wakaja nyumbani. Shemeji naye akaja nyumbani, na viongozi wa mtaa wakajitia hamnazo.

Nani asiyejua maana ya mwanamume kukaa ukweni? Hakuna aliyemwambia neno baya, lakini alijisemea mwenyewe yote. Alifagia uwanja kabla hatujaamka. Alikataa kipande cha pili cha samaki, mgebuka, hata mama yetu alipokiweka mwenyewe kwenye sahani yake. Kwenda Kigoma mjini aliogopa, asije akakamatwa njiani Katubuka akapelekwa kambini kama mzigo uliopotea, hivyo akabaki Ujiji akiwafundisha hesabu watoto wa majirani. Mdogo wangu alikonda. Alichotaka yeye kilikuwa kimoja, na alikisema wazi kila tulipokaa kuchagua mchele: arudi kwake, na mumewe arudi kuwa mtu mbele ya watu wake.

Vikaja vita vya pili, na jeshi la nchi nyingine likaushika mji wao. Silitaji, waliokuwepo wanalijua. Habari za mwanzo zilikuwa za kutisha kama kawaida, kisha zikaanza kubadilika. Soko limefunguliwa. Wanajeshi wamekatazwa kuchukua mbuzi. Mkubwa wao ni kijana mwenye adabu, anazungumza Kiswahili safi, ananunua samaki kama mtu mwingine. Na siku moja, alasiri, wakaja watu wawili kutoka mjini kwao, mmoja mfanyabiashara, mwingine aliyekuwa mwanafunzi wa shemeji, wakakaa barazani kwetu na kutoa ujumbe. Mkubwa wa jeshi anatafuta raia wa kuuongoza mji. Ameulizia, na kila aliyeulizwa amemtaja mwalimu.

Walimvika kilemba cha ukoka pale pale mbele yetu. Mwalimu wetu, baba wa mji, nani kama wewe. Nilimwona shemeji akikaa wima kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani mwetu.

Mpangaji wangu alikuwepo. Tulimwita Bwana Shamba, kwa kazi yake. Mtu wa mkoa wa Kagera aliyehamishiwa huku na serikali, Mkatoliki, mcheshi, mpenda ndizi kupita kiasi. Huyu alikuwa na sababu ya kusema. Ujanani mwake jeshi la Uganda liliingia kwao, ng'ambo ya mto Kagera, likachoma na kuua. Yeye akaingia mgambo, akavuka mpaka na jeshi letu, akafika Kampala kwa miguu. Aliwaambia wale wageni kwamba jambo hilo ni jema. Alisema kuna nchi zimeoza kiasi kwamba haziwezi kujisafisha, lazima aje mtu wa nje na ufagio, na kwamba watu wa Kampala waliwapokea na matawi ya miti na kina mama wakawabusu. Kwa nini mwalimu akatae, na kila kitu kimeshawekwa tayari, usalama upo, kinachokosekana ni mtu mwaminifu tu?

Mimi nilimuuliza shemeji swali moja. "Shemeji, mji huo ni wa nani hata wao wakupe?"

Akakohoa. "Nisipokwenda mimi watamweka mwizi," akasema. "Halafu nitajibu nini? Kwamba nilikuwa ukweni nakunywa chai?"

Kilichonichoma zaidi ni kwamba alisema kweli. Wangemweka mwizi. Huo ndio mtego wenyewe, na mpaka leo sijamsikia msomi yeyote akiueleza. Wanakuja na bunduki, wanaharibu kila njia isipokuwa ile inayopita mlangoni kwao, halafu wanamwambia mtu mwema: pita, la sivyo atapita mbaya. Mtu mwema anapita. Mdogo wangu alimfungia nguo zake mwenyewe, na alikuwa akiimba.

Sitaki kudanganya kwa kuwa nina hasira. Mwanzo ulikuwa mzuri. Shule ilifunguliwa. Shemeji aliomba askari waondoke katika zahanati, wakaondoka. Waliokimbilia milimani walianza kushuka. Bwana Shamba alikuwa akinitazama wakati wa chai kwa macho ya niliwaambia, nami nikijifanya natafuta sukari. Msimu wa kiangazi mdogo wangu akaniachia watoto, akavuka kwenda kwa mumewe.

Sasa, shemeji alikuwa na wasiwasi ambao hakumwambia mtu ila mkewe. Tangu arudi hakuwa amekula bandani. Walinzi aliopewa walimkataza. Walimpikia kambini kwao na kumletea chakula kwenye chombo cha bati. Wazee walimsalimia vizuri, walimwita mwalimu, lakini jambo alilolisema yeye mchana ofisini lilifika jioni bandani, likajadiliwa upya na watu waliokula pamoja, na asubuhi likawa limekufa. Hakukasirika. Aliwaelewa. Yeye mwenyewe alikuwa amelelewa katika banda lile.

Ndipo akapata wazo, na wazo lile hakuna mgeni ambaye angelipata, mwenyeji tu. Alisema: uliyekula naye pale huwezi kumdhuru. Basi nitamleta yule mkubwa wa jeshi aje ale nasi. Akishatia mkono katika sahani za mji, amefungwa. Hata kama yeye hajui kwamba amefungwa, watu watajua, na watu wakijua watamdai, na mimi nitakuwa nimewaletea jeshi likiwa limekaa chini kama mtu. Wazee walilizungusha jambo hilo kwa siku kadhaa. Mwisho mkubwa wa wazee hao, mvuvi mwenye macho yaliyoanza kuingia ukungu, akasema sawa, aje, na aje na njaa.

Nisikilizeni vizuri hapa. Mji uliotekwa ulikubali kula na mtekaji wake. Kama kulikuwa na mlango wa serikali kuota, ulikuwa huo, na waliufungua wao, si jeshi.

Mdogo wangu alinisimulia haya akiwa amekaa kwenye jamvi chumbani kwangu, na alikuwa akinyoosha upindo wa kanga kwa vidole, tena na tena. Wake wote wa pale walipika. Bugali, ndio ugali wao, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, samaki wabichi, kuku mmoja mmoja ambaye kila nyumba ilikuwa imemficha tangu vita vianze. Yeye kama mke wa mwalimu alitangulia mbele na sahani yake, na wenziwe nyuma yake. Mkubwa wa jeshi alikwisha kaa kati ya wazee, amevua kofia, anatabasamu. Walinzi wake walisimama kuzunguka banda. Mdogo wangu alipotaka kuinama aweke sahani, mlinzi mmoja akamzuia kwa mkono, akamwambia kwa upole kabisa, "Onja kwanza, mama."

Alidhani hakusikia vizuri. Yule askari akarudia, akaeleza kwamba ni utaratibu tu, kila mama ataonja chakula chake mbele ya mkuu, halafu atakiweka.

Jamani. Mwanamke anaambiwa ale bandani, mbele ya wanaume wa mji mzima, mbele ya wakwe zake, kuthibitisha kwamba hakutia sumu katika chakula ambacho mumewe mwenyewe anakwenda kukila. Na wale walio nyuma yake wanasubiri zamu yao, kila mmoja anaulizwa swali hilohilo: mchawi wewe? Mdogo wangu akamtazama mumewe. Mumewe akamtazama mkubwa wa jeshi. Mkubwa wa jeshi alikuwa akiongea na mtu, hakuona kitu, kwa sababu kwake yeye hapakuwa na kitu cha kuona. Ndivyo anavyokula kila siku. Mdogo wangu akaonja. Aliniambia hakusikia ladha yoyote, ila joto.

Yule mzee mwenye ukungu machoni alikuwa ameshanawa mikono. Akaomba maji tena, akanawa mara ya pili, akajifuta kwa shuka yake, akainuka, akaondoka. Wa pili akafanya hivyo hivyo. Wakainuka wote, kwa heshima, bila kukunja uso, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akinawa tena mikono ambayo haikuwa imegusa chakula. Wanawake waliokuwa bado wameshika sahani wakageuka nazo. Wakabaki mkubwa wa jeshi, walinzi, shemeji, na sahani ya mdogo wangu.

Na shemeji akala. Angefanyaje? Asipokula, mgeni ataona kweli kuna sumu, na mji utalipa. Alikula tonge kwa tonge, akizungumza, ili yule kijana asigundue kwamba watu wameondoka kwa kuudhika. Yule kijana alikula akashiba. Alimsifu mdogo wangu kwa sombe yake, akasema wenyeji wa hapa ni watu wenye haya sana, wanamwachia mgeni nafasi. Wallahi, alisema hivyo. Akaenda zake akiamini kwamba siku imekwenda vizuri, na yumkini aliwaambia wakubwa wake hivyo hivyo.

Tangu siku ile hakuna mke aliyepeleka chakula bandani. Wanaume walikula majumbani mwao, milango imefungwa. Mbuzi wakawa wanalala mle.

Na mashauri je? Mashauri yalihamia kwa jeshi. Mtu akigombana na jirani yake mpaka wa shamba, hakuwa na mahali pa kwenda kukaa naye, basi alikwenda kumnong'oneza askari kwamba jirani ana mtoto msituni, kwa waasi. Jirani anachukuliwa. Mke wa jirani anamkimbilia shemeji analia. Shemeji anakwenda kuomba, anapiga magoti kwa kijana ambaye angeweza kumfundisha kusoma, na pengine anafanikiwa, na pengine hafanikiwi. Akimtoa mtu, watu wanasema, kumbe uwezo anao, mbona yule wa wiki iliyopita hakumtoa? Asipomtoa, wanasema ni yeye aliyemfungisha. Kila wema alioufanya uligeuka ushahidi dhidi yake. Na vijana wakawa kweli wanakwenda msituni, wale waliosingiziwa na ndugu zao, na jeshi likasema mnaona, ndiyo maana hatuwezi kuondoka.

Hapa ndipo damu inaponichemka. Mji ule ulikuwa na njia ya kukaa chini. Iliishi chini ya serikali mbovu kwa miaka mingi, ikastahimili njaa, ikastahimili vita vya kwanza. Haikustahimili wale waliokuja kuilinda. Na wasomi wanasema watu hawa hawajazoea utawala! Mlitaka watu wajenge nini, na kwa mikono ipi, wakati mmeshawafundisha kwamba njia fupi ya kumshinda jirani ni kuwa rafiki wa mwenye bunduki?

Mdogo wangu alirudi Ujiji kabla ya mvua. Hakuwa anaimba. Nilimwambia Bwana Shamba yote, nikiwa nimejiandaa kugombana naye mpaka asikie. Akaacha kula barazani kwa muda, akawa anakula chumbani kwake.

Kisha wakubwa wa dunia wakakubaliana huko walikokubaliana, na majeshi ya kigeni yakaambiwa yaondoke. Yakaondoka. Lile la mji wa shemeji lilipanda malori asubuhi, na yule mkubwa wao alikwenda ofisini kumuaga, akamshukuru kwa ushirikiano. Shemeji alimuuliza, na mimi je? Akaambiwa sasa ana serikali yake, nchi ni yao. Kabla ya jua kuwa la utosi ofisi ilikwisha ng'olewa milango. Hakuna aliyempiga. Wanafunzi wake wa zamani, wenye bunduki zao za msituni, walimpeleka ufukweni, wakamtafutia mtumbwi, wakamwambia avuke. Hata hapo walimwita mwalimu.

Alipoingia uani kwetu nilikuwa nafua. Alisema, "Shikamoo, shemeji," na kabla ya hapo hakuwahi kuniamkia hivyo, sisi ni karibu rika moja. Nikajua wamemmaliza.

Ilikuwa baada ya hapo Bwana Shamba aliporudi kula barazani. Tulikuwa mimi na yeye tu, shemeji yuko msikitini. Alianza mwenyewe, bila kuulizwa.

"Mwalimu, yule tuliyemtoa Uganda alikuwa muuaji, na alikwisha kuja kutuulia kwetu. Kumtoa najivunia mpaka kaburini. Lakini baada ya hapo tulikaa. Tulikaa, wakamweka mtu, akaanguka. Wakamweka wa pili, akaanguka, na sisi tupo palepale na bunduki zetu. Wale kina mama waliotubusu wakawa wanavuka barabara wakituona. Tulipoondoka, walirudi kuuana. Hilo huwa silisimulii."

Nilimuuliza kwa nini basi alimshauri shemeji aende. Akasema alitaka safari hii iwe tofauti. Nikamtazama yule mtu mzima, afisa wa serikali, amekaa na ndizi zake, nikakosa hata namna ya kumfokea. Lakini niseme ukweli, bado ninamkasirikia. Alijua. Wanaolisimulia jambo hili wote hujua sehemu ya pili, na wote huishia ya kwanza.

Miaka ikapita. Kukawa na utulivu wa namna fulani, na meli zikaanza kuwarudisha watu kwao kutoka bandari ya Kigoma. Mabasi yaliwaleta kutoka kambini, na waliokuwa wakiishi kwa ndugu mitaani nao waliruhusiwa kwenda. Wale wakubwa wa vita, wa pande zote, walikuwa wameshapewa vyeo katika serikali mpya, wana suti na walinzi, wanaitwa waheshimiwa. Mdogo wangu alisikia kwamba mji wao umeanza kujazana, na kwamba mama mkwe wake yu hai bado, amezeeka, anawauliza wajukuu. Akaanza tena kufunga nguo. Za wote. Za mumewe aliziweka katikati ili zisikunjamane.

Tulikwenda bandarini sote, watoto wamenipita kimo. Pale kwenye foleni tukamkuta mama mdogo wa shemeji, yule bibi mkavu, ambaye tulikuwa tukimtembelea kambini kila Idi tulipopata nafasi. Aliwakumbatia watoto, akamkumbatia mdogo wangu, akacheka, akasema jino lake la mwisho limebaki kambini kama kumbukumbu. Kisha akamwona shemeji amesimama nyuma na mzigo begani, na kicheko kikamwisha. Alimshika mkono. Hakumsusia, nataka mlijue hilo; alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Lakini maneno yake bibi alimwambia mdogo wangu, kwa Kiswahili chao, ambamo kuja ni kuya.

"Weye na batoto mukuye. Ni kwenu. Huyu hapana. Mama yake ameniagizia, ye mwenyewe: mutoto wangu akikuya, batamuua, na bataniomba mimi nisamehe. Abakie huku."

Mdogo wangu akasema kama ni hivyo hatapanda mtu. Alisema kwa sauti ambayo watu wa foleni waligeuka. Akaanza kuitoa mizigo chini, mmoja mmoja, anairudisha kwangu, nami naipokea bila kujua nafanya nini. Aliuliza kosa la mumewe ni lipi. Aliuliza ni nani aliyefungwa kwa mdomo wake, ajitokeze hapa hapa amtaje. Hakujitokeza mtu. Kulikuwa na watu pale ambao shemeji aliwatoa kizuizini; niliwaona wakitazama maji.

Shemeji akakohoa. Akachukua mzigo wa mtoto mkubwa kutoka mkononi mwangu, akamtwika mwanawe, akamwambia mkewe, "Nenda. Watoto wakikulia Ujiji watakuwa watoto wa mkimbizi. Wakikulia kule watakuwa wenyeji."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa kwa shemeji."

Walipanda. Mdogo wangu hakugeuka, na ninajua kwa nini, angegeuka angeshuka. Sisi wawili tulisogea mpaka kwenye uzio. Bwana Shamba alikuwa amekuja kutusindikiza, akabaki mbali karibu na reli, kofia mkononi. Meli ilipoanza kujitenga na gati, watu wakapiga vigelegele, wakaimba, kila mtu akimpungia mtu wake aliyebaki. Shemeji alinyoosha mkono wake juu, mrefu kuliko mikono yote iliyokuwa pale uzioni. Ile meli ilijaa watu wa mji wake. Nusu ya waliokuwa mle yeye ndiye aliyewafundisha kusoma. Walimwona, maana mtu wa kimo kile hakosi kuonekana, na waliompungia mkono walikuwa watoto wake peke yao.